Kiko cha Kiboko

Mtulia alikijaza kiko maji mpaka shingoni, akakifuta kwa pindo la shuka, akamkabidhi Bi Tatu kwa mikono miwili kama apewavyo mtu mkubwa.

Bi Tatu alikuwa bibi wa mkewe, na kule Rufiji bibi wa mkeo ni mtani wako. Wewe humwita mke wangu, yeye hukuita mume wangu, na mkeo wa ndoa hana pa kushtaki. Mtulia alitaka kumpendeza mke huyu wa maneno. Tangu alasiri alikuwa anajisifu: amekaa miaka kwenye vyumba vya mitambo vya meli, amekunywa kahawa Maskati, amevuta kiko Djibuti na watu wenye vilemba virefu kuliko yeye mwenyewe. "Kiko," alisema, "niachieni mimi."

Wakamwachia.

Bi Tatu akatia mdomoni shilamu, ule mwanzi wa kuvutia, akafumba macho, akavuta.

Moshi haukuja. Yalikuja maji, machungu, yenye masizi ya jana na ya juzi. Bi Tatu akayatema yote mbele yake, na mbele yake alikuwa ameketi Mtulia katika shati lake jeupe la safari.

Zamda, mke wa ndoa, akageukia upande wa jiko kana kwamba wali umemwita. Watoto wa nyumba ile na wa jirani, waliokuja kuzurura baada ya magharibi, wakaanza kucheka kwa mabega.

"Mume wangu," Bi Tatu akasema akijipangusa kidevu, "bahari zote hizo, hukukutana na kiko?"

"Nilikutana navyo, mke wangu. Lakini wenyewe ndio waliokuwa wanatia maji. Mimi kazi yangu ilikuwa kuvuta na kukohoa."

"Basi sikiliza, usije ukamuua bibi wa mtu mwingine. Huku juu ni bori, ndimo unamokaa moto na tumbako. Hii digali, inashuka kutoka kwenye bori mpaka inazama majini. Hii shilamu, haizami. Inaishia kwenye hewa, juu ya maji. Ukijaza mpaka shingoni, shilamu nayo imezama. Mimi nikivuta, nitavuta nini?"

"Maji."

"Na nimevuta nini?"

"Maji, mke wangu."

"Faini yako ni ngano. Na iwe ndefu, mpaka uchungu unitoke mdomoni."

Watoto wakasogea bila kuitwa. Mtulia akalikung'uta shati, akaona halikung'utiki, akakunja miguu mkekani.

"Ngano naivuta," akasema.

"Ivute ije," wakajibu.

"Ikikwama?"

"Ivute tena."

"Ikija na maji?"

"Utayanywa mwenyewe," akajibu Bi Tatu peke yake.

Basi Mtulia akaanza.

Hapo kale, na kale yenyewe si mbali sana maana mke wangu huyu alikuwapo, jua lilishikwa na kiu. Jua likanywa mito. Lilipomaliza mito likanywa visima. Lilipomaliza visima likanywa umande kwenye majani, na ulimi wake bado uko nje. Likabaki bwawa moja tu, juu kilimani, limezungushwa ukingo wa mawe kama maji kwenye sinia. Na ndani ya sinia hilo, nani? Kiboko.

Mnamjua Kiboko. Tumbo kama langu, isipokuwa lake halijatembea. Alikuwa amelala katikati ya maji, pua nje, masikio nje, na sheria yake ilikuwa fupi: mdomo wa mtu usiguse maji yangu.

Akaja Swala. "Bwana mkubwa, naomba tone."

"Tone la nani?"

"Lako."

"Basi niachie."

Akaja Kobe, amekwenda mwendo wa kutwa. "Bwana mkubwa, naomba tone."

"Tone la nani?"

"Lako."

"Basi niachie."

Akaja Nyati mzee, mwenye pembe. Yeye hakuomba, aliona haya. Alisimama ukingoni akiyatazama maji, akayatazama, mpaka magoti yakamwisha, akafa hapo hapo akitazama. Kiboko akasema, "Ananizibia upepo."

Chini ya ukingo ule, upande wa bondeni, kwenye pango la jabali, aliishi Pimbi. Pimbi si mnyama wa kumpisha njiani. Hana mkia, hana pembe, ukimkanyaga unadhani umekanyaga kandambili. Lakini alikuwa na watoto wachanga, na midomo ya watoto ilikuwa imepasuka kama udongo wa shamba lisilo na mwenyewe. Walilia asubuhi, wakalia mchana, na Pimbi alijua kwamba watakaponyamaza ndipo pa kuogopa.

Akakaa akawaza. Kuomba, Swala kaomba. Kungoja, Nyati kangoja. Nguvu, hana. Akajiuliza: Kiboko anapenda nini? Anapenda chake. Na akishiba chake? Anapenda cha mwenzake. Basi, akasema Pimbi, dawa ni kuwa na kitu.

Akaokota kombe la konokono aliyekufa. Akalitoboa matundu mawili. Tundu moja akachomeka unyasi mrefu mpaka chini, juu yake akaweka ganda la mbegu lenye kaa la moto na majani makavu. Tundu la pili akachomeka unyasi mfupi, ncha yake ikabaki juu, kwenye hewa.

"Umejifunza upesi," Bi Tatu akasema.

"Nimefundishwa na shati," akasema Mtulia. Akaendelea.

Kilikosekana kitu kimoja: maji. Maji atapata wapi? Watoto walikuwa wanalia. Pimbi akawakinga machozi, tone la huyu, tone la huyu, mpaka kombe likafika nusu. Kiko cha kwanza duniani, jamani, kilitiwa machozi.

Akapanda nacho ukingoni, akakaa kitako akipeana mgongo na bwawa kama mtu asiye na haja nalo, akavuta.

Gru gru gru.

Sikio moja la Kiboko likasimama.

Gru gru gru.

La pili likasimama. "Nani anachezea maji yangu?"

"Hakuna anayeyachezea, bwana mkubwa. Ni kiko changu."

"Kiko ni nini?"

"Ni starehe ya wakubwa. Nimekipata kwa bahati mbaya."

"Kwa nini kinalia?"

"Ni moshi unaoga," akasema Pimbi. "Ukivuta huku, unaimeza hewa iliyokaa juu ya maji. Pale palipokuwa na hewa panabaki patupu, na patupu hapapendi kukaa patupu. Moshi unaona nafasi, unateremka na huu unyasi mrefu, unatumbukia majini, unaibuka umepoa. Gru gru gru ndiyo kuibuka kwake."

"Nipe."

"Ni kidogo, bwana mkubwa, ni cha watu wa—"

"Nipe."

Pimbi akampa. Kiboko akakitia mdomoni, kwachu, akakitafuna na moto wake. Akatega sikio. "Hakikulia," akasema.

"Umekila, bwana mkubwa."

"Kilikuwa kidogo. Nitengenezee changu. Kikubwa."

Hapo Pimbi akainama chini sana, maana mtu anayecheka anatakiwa aelekeze uso mahali. Akaenda, akarudi na kibuyu. Nyuma yake Swala amebeba kibuyu cha pili, vibuyu vinafanana kama mapacha wa tumbo moja.

"Viwili vya nini?" Kiboko akauliza.

"Kimoja kiko mdomoni, kimoja kinasuuzwa. Kiko ni kama mgonjwa, bwana mkubwa, lazima kioshwe. Kisiposuuzwa kinaleta mapele ya ulimi. Na maji ya kusuuzia hayamwagwi karibu na bwawa, maana ndimo unamolala. Mimi nitakuwa nayapeleka mbali, bondeni huko, kwa wasio na maana."

Kiboko akaona hii ni heshima. "Sawa," akasema. "Lakini kila ukipita nitanusa. Maji yangu masafi hayatoki hapa."

"Nusa, bwana mkubwa. Pua si yako?"

Basi Kiboko akavuta kibuyu cha kwanza. Goro goro goro. Macho yakamfumba. Alipokuwa amefumba, Pimbi alikitumbukiza kibuyu cha pili bwawani, kikajaa maji matamu, na kwa nje akakipaka masizi na tumbako iliyovunda, shingoni na mdomoni, kikanuka kuliko soksi za mpishi mmoja niliyesafiri naye mpaka Karachi, ambazo nahodha aliagiza zizikwe kwa heshima zote.

"Nani anapita?"

"Mimi Pimbi, mtia moto wako."

"Umebeba nini?"

"Maji ya kusuuzia kiko."

"Lete ninuse." Fuu, fuu. "Yananuka. Ondoa."

Na Pimbi huyo, tapu tapu tapu, kibuyu kichwani. Waliomwona kwa mbali waliona kibuyu kimeota miguu. Akafika bondeni, akaifuta shingo ya kibuyu, akamimina. Watoto wake wakanywa, mtoto wa Swala akanywa, Kobe akanywa akasahau kutoa kichwa.

Kesho yake hivyo hivyo.

"Nani anapita?"

Mtulia akawanyooshea watoto kidole. Wakajibu wote, "Mimi Pimbi, mtia moto wako."

"Umebeba nini?"

"Maji ya kusuuzia kiko."

"Lete ninuse."

"Fuu, fuu," wakasema watoto. "Yananuka. Ondoa."

"Na Pimbi huyo."

"Tapu tapu tapu."

Basi mambo yakaenda. Kiboko akazoea kiko kama mimi nilivyozoea kuazima viberiti. Akavuta akiamka, akavuta akisinzia. Siku moja akakitazama kibuyu chake akanuna. "Hiki kidogo. Leta kikubwa zaidi."

"Kikubwa kitakula maji mengi," akasema Pimbi. "Na pacha wake naye atataka kusuuzwa kwa maji mengi. Nakuonea huruma, bwana mkubwa."

"Nani kakuomba huruma? Leta."

Akaletewa. Kadiri Kiboko alivyotaka kikubwa, ndivyo bondeni walivyokunywa vizuri. Mtoto wa Swala akaanza kurukaruka. Watoto wa Pimbi midomo ikapona, wakaanza kugombana, na Pimbi akawasikiliza wakigombana kama mtu anayesikiliza taarabu.

Lakini moshi, jamani, si mjomba wa mtu. Ulimwingia Kiboko puani ukakaa. Akaamka asubuhi moja amefura, pua zote mbili zimeziba, anapumua kwa mdomo kama kiatu kilichofumuka. Mafua.

Pimbi akapita na kibuyu chake.

"Dadi adapita?"

"Mimi Pimbi, mtia moto wako."

"Ubebeba dini?"

"Maji ya kusuuzia kiko."

"Lete didu—" Akanusa, fff, hakuna kilichoingia. Akanusa tena, fff. Akapenga kamasi, sauti ikarudi, harufu ikakataa. Akakitazama kibuyu. "Sisikii harufu," akasema. "Leo nitaonja."

Kiboko akainamisha kibuyu, akaonja. Akaonja tena. Akayazungusha maji mdomoni, polepole, kama mlanguzi anayeonja asali ya mtu.

"Pimbi," akasema. "Matamu."

"Kiko kikikomaa, bwana mkubwa, kinageuza—"

"Matamu, Pimbi." Akainuka. Bwawa zima likashuka alipoinuka. Akatoka majini, akaweka mguu wake juu ya Pimbi, hakumkanyaga bado, kamwekea kivuli tu. "Watoto wako wananenepa. Nilidhani wanavimba kwa njaa. Kuanzia leo kiko nitajitilia mwenyewe, maji hayatoki, na wewe nakubandika hapa kwenye jiwe. Una neno?"

Mtoto mmoja mkekani akamshika Bi Tatu mkono.

"Ninalo," akasema Pimbi kutoka kivulini. "Si la kujitetea. Nasikitika tu kwamba nakufa wewe hujavuta kiko cha kiasi chako."

Mguu ukangoja. "Hiki si kikubwa?"

"Hicho? Hicho ni cha vifua vya kawaida. Nilikuwa nakuzoesha."

"Kipo kikubwa kuliko hiki?"

"Umetoka ndani yake sasa hivi. Unadondoka maji yake."

Kiboko akageuka, akalitazama bwawa lake. Akalitazama kwa muda mrefu. Hakuna mnyama aliyewahi kuvuta kiko cha bwawa zima. Mate yakamtoka.

"Kinakosa nini?"

"Bori katikati, na shilamu."

"Nitengenezee. Ukimaliza ndipo nitakubandika."

"Ndipo," akakubali Pimbi.

Wakaitwa wanyama wote, nao wakaja, nani angekataa? Wakakata mianzi, wakaitoboa vifundo, wakaiunganisha kwa nta ya nyuki. Mwanzi mmoja ukazamishwa bwawani mpaka kwenye tope. Ukapanda ukingo. Pale juu ukingoni panapotakiwa kukunjwa, mwanzi haukunjiki, basi Pimbi akachukua pembe tupu ya Nyati, yule aliyekufa akitazama, imejipinda yenyewe vizuri, akaitoboa ncha, akaunganisha huku na huku. Kutoka kwenye pembe mianzi ikateremka, ikateremka, mpaka bondeni kabisa, chini kuliko bwawa lenyewe.

"Mbona shilamu ndefu hivi?" Kiboko akauliza.

"Kiko kidogo, shilamu fupi. Kiko kikubwa, shilamu ndefu. Moshi wa bwawa zima ukikufikia wa moto utakuchoma. Unahitaji mwendo upoe. Kwani umewahi kuona mkubwa anakaa karibu na jiko?"

Hajawahi. Katikati ya bwawa wakasimamisha digali na chungu cha moto juu yake, moshi ukapaa mpaka ndege wakahama. Na Kiboko akateremka kilima, mzito, anaburuza tumbo, wanyama wamempangia mstari. Akakaa bondeni juani. Akatia shilamu mdomoni.

Akavuta. Fyoooo. Kimya.

"Kifua, bwana mkubwa. Mimi nilijaribu kwa mdomo wangu, haikuja. Inataka kifua chako."

Alikuwa amejaribu kweli. Siku nzima iliyopita Pimbi alivuta ule mwanzi mpaka macho yakamtoka, kisha Swala akavuta, kisha wakavuta kwa zamu, na maji hayakupanda hata kufika ukingoni. Bonde zima halikuwa na kifua cha kuyapandisha. Kifua kilikuwa kimoja tu, na mwenyewe ndiye huyu.

Akavuta tena. Fyoooooo. Ndani ya mwanzi huko juu kikasikika kitu: goro, goro. Masikio yakamsimama kwa raha. Akakusanya kifua chote, tumbo, na mgongo, na vyakula vya jana, akavuta kwa mara ya tatu, mpaka pembe ya Nyati ikapiga mluzi.

Chwaaa. Maji. Yakapanda ukingo, yakavuka pembe, yakateremka mbio, yakamjaa mdomoni.

Akameza. Yakaja mengine. Akameza. Yakaja mengine. Akangoja moshi, likaja bwawa. Alipojaa mpaka akawa hana pa kuweka, akaachia shilamu apumue. Na mianzi haikumngoja. Chururururu, maji yakaendelea kutoka, yenyewe, bila kuvutwa na mtu, yakatiririka kwenye mchanga wa bonde. Mtoto wa Swala akainama akanywa mbele yake.

"Zima," Kiboko akasema.

"Haizimwi, bwana mkubwa. Yakishavuka ukingo yanavutana yenyewe kwa yenyewe, kama watu wanaotoka harusini wakisikia kwingine kuna pilau. Umeyavusha wewe."

Kiboko akaurukia mwanzi, akauziba kwa mdomo. Maji yakasimama.

Sasa mtazameni. Akiachia, maji yanakwenda. Akivuta, maji yanakuja, na tumbo limejaa. Akisema neno, yanamwagika. Bwana wa maji yote amekuwa kizibo.

"Lakini si angekwenda juu akaung'oe?" Zamda akauliza kutoka jikoni. Kumbe alikuwa anasikiliza.

Mtulia akageuka. "Nakushukuru, mke wangu wa pili. Angekwenda, angeung'oa, na bwawa lake lingebaki karibu lote. Lakini wakati anapanda kilima, na miguu ile, na tumbo lile, maji ya mwendo huo yangepotea. Hayo hakuweza kuyaacha. Pimbi alimwambia kabisa, 'Nenda kaung'oe, bwana mkubwa, hakuna aliyekushika.' Kiboko akatikisa kichwa, mdomo kwenye mwanzi. Yale maji ya mwendo ni yake."

"Au angepuliza," akasema Bi Tatu. "Hewa ingeingia, yakakatika."

"Angepuliza. Lakini alikuwa Kiboko. Kifua chake kilijua kuvuta tu, kutoa hakijafundishwa."

Basi akakaa. Jua likapanda. Jua lile lenye kiu likamwona mnyama mwenye maji mengi tumboni ametulia mahali pamoja, likamwinamia. Ngozi ikamkauka, ikapasuka, akaanza kutoka jasho jekundu kama damu. Pimbi akaja na jani, akampepea.

"Nikupe masharti, bwana mkubwa? Kama unakubali, pepesa."

Kiboko akapepesa.

"Mchana maji yanateremka, bonde linakunywa. Jioni tunaziba kwa nta, yanayobaki ni yako. Wewe unarudi ukalale kwenye tope, sisi tunarudi kwa watoto."

Kiboko hakupepesa. Akatazama mwanzi. Akatazama jua. Likamla mgongo kidogo tena.

"Na kile kivuli cha mguu wako," akasema Pimbi, "tusikione tena."

Akapepesa. Akapepesa tena, asije akaeleweka vibaya.

Alipoachia, chururururu, bonde zima likainama kwa pamoja, na haukusikika mlio mwingine isipokuwa wa ndimi. Kiboko akapanda kilima peke yake. Mpaka leo akikaa juani jasho lake ni jekundu. Na mpaka leo akizama anatoa mapovu, boro boro boro, anajaribu tena kulivuta lile bwawa, akidhani safari ile alikosea pumzi.

Mtulia akanyoosha miguu. Shati lilikuwa limemkaukia mwilini na doa limekubali kukaa.

"Ngano yangu nimeivuta mpaka majivu," akasema. "Kitamu kimewaingia nyinyi, uchungu umebaki kwenye maji, na maji hayo nayamwaga mbali na mlango."

"Mwaga," wakajibu watoto.

"Na funzo lake, msikilize vizuri, mimi ni mtu niliyetembea. Funzo ni kwamba mali ya mtu iheshimiwe. Mdogo asimdanganye mkubwa, na mwenye kiu angoje mpaka aitwe. Laiti Pimbi angekaa pangoni na watoto wake kwa adabu, mgongo wa Kiboko usingeungua, na dunia ingekuwa na amani."

Watoto wakatazamana. Mmoja akafungua mdomo, akamtazama Bi Tatu amsemee. Bi Tatu alikuwa amemwaga maji yaliyozidi, sasa anakitia kiko kaa jipya. Akavuta kidogo kujaribu. Kikalia vizuri, gru gru gru. Akatoa moshi taratibu, akaondoa shilamu mdomoni.

"Adabu hainyweki, mume wangu."